Pikipiki Hununuliwa kwa Breki, Si kwa Mlio

Ndugu wasikilizaji, nanyi mnaoyasoma maneno haya gazetini mkiwa ndani ya daladala, leo nataka tuzungumze habari ya kusimama. Habari ya kwenda kila mtu anaijua. Ukiuliza pikipiki fulani inakwenda kasi gani, hata mtoto wa shule atakujibu. Lakini ukiuliza inasimama baada ya mita ngapi, watu watakutazama kama umeuliza bei ya mvua.

Ninaye jirani yangu huku Mbagala, mwalimu mstaafu. Baada ya miaka mingi ya chaki amepata mafao yake, akajenga chumba cha ziada, na fedha iliyobaki ameitengea pikipiki. Si pikipiki ya bodaboda. Anataka ya safari. Ana shamba la mikorosho Mkuranga, ana dada yake Kibiti, na anasema kabla hajafa atavuka mwenyewe daraja la Mkapa juu ya mto Rufiji, lile lililofunguliwa mwaka 2003, bila kubanana na mtu ndani ya basi.

Jumamosi moja alinigongea mlango alfajiri. "Kijana wangu, twende Tandika. Kuna pikipiki nimeambiwa ni nzima kabisa. Wewe umezipanda siku nyingi, uitazame."

Tukaenda. Muuzaji alikuwa kijana mchangamfu, aliyeamkia vizuri, tena akatupa viti. Pikipiki ilikuwa imeoshwa, tairi zimepakwa rangi nyeusi, tangi linang'aa. Kabla hatujauliza neno akaipiga kiki, akavuta mafuta mara tatu. "Mzee wangu, sikiliza huo mlio. Hii chuma!"

Mwalimu akatabasamu. Nilimwona moyo wake umekwisha kupanda na kukaa juu ya kiti. Nikamwomba kijana aizime, nikaenda mbele kwenye gurudumu, nikachuchumaa. Kijana akashangaa. "Injini iko huku, kaka," akaniambia.

Nilijua injini iko wapi. Lakini injini ikifa njiani, utasukuma. Breki zikifa njiani, utasukumwa wewe.

Sababu ya kuanza na breki ni hesabu ndogo tu. Mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwisho wa mwendo ulioruhusiwa katika maeneo ya makazi, ni karibu mita 14 kwa kila sekunde. Mtoto akikatiza mbele yako pale Rangi Tatu, macho yaone, akili iamue na mkono uvute, yote hayo huchukua kama sekunde moja kwa mtu aliye macho. Maana yake umekwisha kwenda mita 14 kabla breki haijagusa kitu. Hapo ndipo kazi ya breki inapoanza. Tena ukiongeza mwendo mara mbili, umbali ambao breki inauhitaji hauongezeki mara mbili. Unaongezeka mara nne. Anayetoka kilomita 30 kwenda 60 anadhani ameongeza kidogo, kumbe breki zake ameziongezea mzigo mara nne.

Hesabu hiyo mimi sikuifundishwa darasani. Nilifundishwa na mteremko wa kuelekea daraja la Mzinga. Miaka mingi iliyopita nilikuwa na pikipiki ya mkononi niliyoinunua kwa mlio, kama alivyotaka kufanya Mwalimu. Breki ya mbele ilikuwa imelegea, nami sikujali, maana wakubwa zangu waliniambia breki ya mbele inaangusha. Nilitegemea ya nyuma. Siku hiyo lori lilisimama ghafula mbele yangu. Nikakanyaga pedeli, gurudumu la nyuma likafunga, pikipiki ikaanza kwenda ubavu kama kaa. Nilitoka barabarani, nikaishia kwenye mtaro. Nilivunjika mfupa wa bega, na abiria wangu, binamu yangu, alichunika mguu hadi leo ana alama. Hatukufa. Lakini kila ninapopita Taasisi ya Mifupa ya MOI pale Muhimbili, na kuwaona vijana waliofungwa plasta, nakumbuka kwamba tofauti yangu na wao ilikuwa mtaro usio na jiwe.

Basi tuliondoe kwanza hilo la breki ya mbele, kwa sababu limeua watu. Unapofunga breki, uzito wote wa pikipiki na mpandaji huinamia mbele. Utauona mwenyewe, shokapu za mbele zinazama. Gurudumu la mbele linakandamizwa barabarani na kushika vizuri, na la nyuma linakuwa jepesi. Ndiyo maana kwenye lami kavu sehemu kubwa ya nguvu ya kusimama, zaidi ya nusu, hutoka mbele. Anayetumia ya nyuma peke yake anahitaji umbali mrefu zaidi sana, na gurudumu lake jepesi hufunga na kuteleza upesi.

Kinachoangusha ni kuinyakua breki ya mbele kwa hofu, au kuivuta ukiwa umelalia kona, au kwenye mchanga na tope. Na sisi wa pembezoni mchanga tunao. Ukitoka lami ya Barabara ya Kilwa ukaingia mitaa ya ndani, au kule Bunju na Kigamboni, hapo punguza mwendo mapema, tumia zaidi ya nyuma, na ya mbele uiguse kama unayegusa chungu cha moto. Kwenye lami tumia zote mbili pamoja, ya mbele ukiikaza polepole kama unayekamua embe. Nimewaona vijana waliofungua kabisa waya wa breki ya mbele, wanasema unawasumbua. Huko ni kufumba jicho moja kwa sababu limeingia vumbi.

Sasa turudi Tandika, maana Mwalimu bado amesimama juani.

Pikipiki ile ilikuwa na breki za dramu mbele na nyuma, kama zilivyo nyingi tunazoziona mitaani, na kama zilivyokuwa zile Suzuki TF 125 na Yamaha AG 100 za mabwana shamba. Katikati ya gurudumu kuna kikombe cha chuma, ndiyo dramu. Ndani yake mna vipande viwili vya umbo la mwezi mchanga, ndizo breki shuu, zilizogandishwa utando mgumu wa kusugua. Ukivuta mkono wa breki, waya unazungusha kijiti bapa kilicho katikati ya ncha za shuu, nazo zinatanuka na kusugua ukuta wa kikombe. Hakuna muujiza zaidi ya huo. Kila unaposimama, utando unalika kidogo. Unapolika, mkono unazidi kulegea, nawe unakaza nati ya waya ili urudi mahali pake.

Hapo ndipo pa kutazama. Kwenye nyingi kuna mshale mdogo kwenye kile kipande cha chuma kinachovutwa na waya, na alama kwenye kifuniko cha dramu. Funga breki kwa nguvu. Mshale ukifika kwenye alama, shuu zimekwisha, hata kama pikipiki bado inasimama. Halafu tazama nati. Ikiwa imekazwa hadi mwisho wa nyuzi zake, hakuna cha kukaza tena. Mkono wa breki wa kawaida unacheza kama sentimita moja hadi mbili kwenye ncha kabla haujaanza kushika, na pedeli ya nyuma kama sentimita mbili hadi tatu. Ukicheza zaidi, umelegea. Usipocheza kabisa, shuu zinasugua muda wote, dramu inachemka na utando unaisha upesi.

Kwenye pikipiki ya yule kijana nati ilikuwa katikati, vizuri kabisa. Lakini nilipofunga breki, kile kipande cha chuma kilivuka alama na kulala mno upande wa pili. Hiyo ni hila ya gereji. Fundi anapoona nati imefika mwisho, badala ya kuweka shuu mpya, anachomoa kile kipande kwenye meno yake na kukirudisha nyuma jino moja. Mkono unakaza, mteja anafurahi, lakini ndani utando ni mwembamba kama ganda la kitunguu. Ubaya wake mkubwa ni kwamba kile kijiti bapa kinaweza kugeuka kupita kiasi na kukwama, gurudumu likafunga au breki ikaachia moja kwa moja.

Nikamweleza Mwalimu. Kijana akasema, "Breki ni kitu kidogo, kaka. Fundi anamaliza kwa nusu saa."

Alisema kweli. Shuu ni miongoni mwa spea za bei nafuu kabisa kwenye pikipiki. Ndiyo maana huwa najiuliza: aliyeshindwa kununua kitu cha bei ndogo kinachomlinda yeye mwenyewe, je, vile vya bei kubwa vilivyofichika ndani ya injini alivitunza? Breki ni kama vyoo vya mwenye nyumba. Ukivikuta vichafu, huna haja ya kuuliza habari ya jikoni.

Wengine mtakutana na pikipiki zenye breki za diski, hasa hizi mpya na zile kubwa za safari. Hapa waya hakuna. Mkono unasukuma mafuta ya breki kwenye mpira mwembamba, mafuta yanasukuma pistoni, pistoni inabana pedi mbili juu ya sahani ya chuma. Ni breki nzuri, lakini zina adui asiyeonekana, naye ni maji. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewani, na hewa ya Dar es Salaam mnaijua, chumvi yenyewe inagandamana mezani. Mafuta mapya ya aina ya DOT 4 hayachemki mpaka joto lifike nyuzi 230 au zaidi. Yakishanyonya maji, kiwango hicho kinaweza kushuka hadi nyuzi 155. Kwenye mteremko mrefu, breki zikichemka, mafuta yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea. Unavuta mkono, unakuja mpaka kwenye usukani, na pikipiki inaendelea na safari yake.

Kwa hiyo tazama kile kikopo kidogo juu ya usukani. Mafuta safi ni meupe ya njano kidogo. Yakiwa ya rangi ya kahawa, ni ya zamani. Yanapaswa kubadilishwa kila baada ya miaka miwili, hata kama pikipiki imelala tu. Kwenye kifuniko pameandikwa aina inayotakiwa, DOT 3 au DOT 4, nawe ufuate hiyo. Usikubali fundi amimine oili ya injini kwa kuwa ameishiwa. Oili hiyo huvimbisha mipira ya ndani, na breki nzima inakufa. Wala usinunue ya kupimiwa kwenye chupa ya soda, kwani chupa iliyokaa wazi imekwisha kunywa maji.

Kisha vuta mkono na uushikilie kwa hesabu ya kumi. Ukizama polepole, panavuja. Ukiwa laini kama sponji, na ukipanda baada ya kupampu mara mbili tatu, kuna hewa ndani. Chungulia pedi. Zikibaki unene wa chini ya milimita mbili ni za kutupa. Pitisha ukucha juu ya diski. Ukikwama kwenye mifereji, jua bei ya diski kabla hujataja bei ya pikipiki. Na tazama shokapu za mbele kama zinavuja, maana oili yake ikidondokea kwenye diski, pedi zimeharibika.

Hilo la oili linahusu dramu pia. Shuu zilizoingia grisi haziponi. Kuna mafundi wanaozimwagia petroli na kuzichoma moto, kisha wanazisugua kwa msasa. Zitashika siku mbili, joto likipanda mafuta yaliyojificha yanatoka tena. Tupa. Na lile vumbi lililo ndani ya dramu lisipulizwe kwa mdomo, kwani shuu za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo ni sumu ya mapafu. Lifutwe kwa kitambaa kibichi.

Baada ya breki ndipo mengine. Kwa anayenunua pikipiki ya safari, na si ya kwenda dukani, nayataja kwa ufupi. Fika kabla haijawashwa, uguse injini. Ikiwa ya moto, wameiwasha mapema ili usione inavyosumbua asubuhi. Inua gurudumu la mbele, shika shokapu chini, vuta na kusukuma. Ikigonga, beringi za usukani zimekwisha. Geuza usukani taratibu kushoto na kulia, usikwame katikati. Tikisa kila gurudumu kwa ubavu. Gonga spoku moja moja, iliyolegea inalia tofauti. Tazama meno ya sproketi. Yakiwa yamechongoka kama ya papa, utanunua cheni na sproketi zote. Tairi usidanganywe na rangi nyeusi. Ubavuni pana tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka. Ukisoma 2315, ni wiki ya 23 ya mwaka 2015. Tairi ya namna hiyo, hata ikiwa na maua yake yote, mpira umekuwa mgumu, na breki nzuri juu ya mpira mgumu haina kazi.

Ukiridhika, ijaribu barabarani mahali patupu, kwa kilomita 30, ukiwa umevaa kofia ngumu. Funga breki polepole. Mkono ukitetemeka kama una homa, dramu au diski imepinda.

Mwisho kabisa ni karatasi, na hapa ndipo fedha za wastaafu zinapozama. Tangu kanuni za mwaka 2010 ziliporuhusu rasmi pikipiki kubeba abiria kwa malipo, pikipiki nyingi mjini zimekuwa za mkataba. Kijana anapewa pikipiki, analeta hesabu kila siku au kila wiki, akimaliza inakuwa yake. Nyingine ni za mkopo. Mpaka deni liishe, kadi inakaa kwa tajiri au kwa mkopeshaji. Sasa kijana akibanwa na shida, anaiuza isiyo yake. Utalipa fedha taslimu, na baada ya mwezi mwenye kadi atakuja kuichukua na polisi.

Kwa hiyo omba kadi ya usajili ya TRA, ile yenyewe, si kivuli chake. Linganisha namba ya chesesi na ya injini zilizogongwa kwenye chuma na zile za kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu. Jina la kwenye kadi liwe la mtu aliye mbele yako mwenye kitambulisho, au kuwe na mkataba wa mauziano unaomfikia yeye. Hakikisha TRA kwamba usajili ni huo, na ulizia faini za trafiki ambazo hazijalipwa. Kisha hamisha umiliki upesi. Pikipiki yenye jina la mtu mwingine ni mke wa watu, hata akipika kwako.

Tulipomwuliza yule kijana wa Tandika kadi, alisema iko kwa mjomba wake Kimara. Tukamwambia tutasubiri. Akasema mjomba amesafiri. Mwalimu, ambaye miaka yote amesikiliza visingizio vya wanafunzi waliosahau madaftari, akamtazama, akaniambia, "Twende zetu."

Njiani hakusema neno mpaka tulipofika Mtoni kwa Azizi Ali. Kisha akasema, "Ule mlio lakini ulikuwa mzuri." Nikamwambia naam, ulikuwa mzuri.

Baada ya wiki tatu alipata nyingine kwa mtumishi mmoja aliyekuwa anahama. Rangi imepauka, tangi lina kovu, haina mlio wa kujivunia. Kadi ilikuwepo, jina ni lake. Mshale wa breki ya nyuma ulikuwa karibu na alama, naye muuzaji akasema mwenyewe kabla hatujauliza: "Shuu za nyuma zinahitaji kubadilishwa." Tulimpunguzia bei ya shuu tu, tukamlipa. Mtu anayekutajia ubovu wa breki yake anastahili bei yake.

Mwalimu hakuipanda siku hiyo. Aliisukuma hadi kwa fundi, akanunua shuu za mbele na za nyuma, akakaa juu ya ndoo akitazama zinavyofungwa. Sasa kila Jumapili jioni anakagua waya, anatia tone la oili kwenye vidole vya mkono wa breki, anapima mchezo wa pedeli kwa rula yake ya darasani. Ni kazi ya dakika kumi. Akivuka dimbwi la maji, anagusa breki kidogo mara mbili tatu zipate kukauka. Nimemwagiza kwamba akifika kwenye mteremko mrefu asiweke gia huru kwa kubana petroli. Ashuke kwa gia ndogo injini imshikilie, breki zipumzike. Na siku akijaaliwa kufika Kitonga, kule Iringa, atajua kwa nini.

Ndugu wasikilizaji, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza kuingiza barabarani chombo kibovu. Lakini trafiki hawezi kuchuchumaa kwenye kila gurudumu. Mwenye kuchuchumaa ni wewe mwenye pikipiki. Na wewe abiria unayepanda bodaboda usiku pale Mwenge au Zakhiem, tazama mkono wa kulia wa usukani kabla hujapanda. Ukiona hapana waya wa breki, mshukuru kijana, umwache aende. Atakasirika kidogo, lakini wewe utalala nyumbani.

Juzi Mwalimu alikwenda Kibiti, akarudi salama. Nilimsikia anafika, kisha sikumsikia tena. Amesimama mlangoni pake kimya, bila kelele za chuma kusagana. Nikajua shuu ni nzima.

Hadi wiki ijayo, nawatakieni mwendo mwema, na kusimama kwema.